Mtoto Asiyejua Ukingo

Kofi la kwanza nililopigwa kwa ajili ya jicho la mwanangu lilitoka kwa mama mkwe. Nilikuwa nimekaa uani na karai la maji, namkogesha mtoto, na kile kitambaa cheusi alichofungwa juu ya jicho la kushoto nilikuwa nimekifungua na kukitupa pembeni. Mama mkwe akatoka jikoni, akakiona chini, akanizaba kofi hata povu la sabuni likaruka. "Unataka kumwua mjukuu wangu?" Mie nami sikuzaliwa na mkono wa kubembeleza. Nilimmwagia maji ya karai usoni, tukashikana. Mtoto yuko katikati yetu, uchi, anateleza na sabuni yake, analia. Jirani ndiye aliyekuja kutuachanisha, na alipotuachanisha mama mkwe alikuwa na nywele zangu mkononi, na mie nimeshika kipande cha kanga yake.

Watu wakinisikia nasimulia ugomvi wa nyumba ile huuliza mligombea nini. Wanadhani ni mapishi, au mume alitaka kuoa mke wa pili. Wallahi, hatukugombea hayo. Tuligombea jicho la mtoto, na baadaye tukamgombea mtoto mwenyewe, na kidogo tuuane.

Hiyo ni Temeke, enzi za Mwingereza, Vita Kuu ya pili imekwisha miaka michache tu. Temeke ya siku hizo ilikuwa nje ya mji hasa. Nyumba zetu zilikuwa za miti na udongo, na udongo huo hukuuleta kutoka mbali. Ulichimba hapo hapo uani, ukaukanda kwa maji, ukakandika kuta zako. Udongo ukitoka, shimo linabaki, wala hakuna aliyelifukia, maana kila baada ya masika ukuta unabomoka upande mmoja na unahitaji udongo tena. Basi kila ua ulikuwa na shimo lake, na mvua zikinyesha lilijaa maji, mabata wakaogelea humo.

Na watoto je? Hilo ndilo wageni wa mji walilotuuliza, nasi tuliwacheka. Mtoto akianza kutambaa, siku za mwanzo unamshikashika, ukimwona anakaribia shimo unamrudisha. Baadaye huna haja. Anafika ukingoni, anatazama chini, anakaa kitako, anageuka. Mama mkwe aliiita akili ya shimo. Wanawe wote aliwalea kando ya shimo lile lile, na hakuzika hata mmoja kwa sababu yake. Mama yangu kule Mbagala naye alitulea hivyo hivyo. Hakukuwa na mama Temeke nzima aliyekaa kumlinda mtoto anayetambaa. Angeonekana mvivu anayetafuta kisingizio cha kutotwanga.

Sasa kitambaa. Mwanangu alizaliwa na macho makubwa, meusi, ya kumsimamisha mtu njiani. Alipotoka arobaini, mwanamke mmoja mpita njia alimtazama akasema, "Loo, macho gani haya!" akaenda zake, hakusema Mashaallah. Haikupita wiki jicho la kushoto likavimba, likatoa tongotongo zito la manjano. Mama mkwe akasema basi, kijicho kimempata. Akaenda kutengeneza hirizi, akaishona ndani ya kipande cha kaniki, akamfunga nayo kichwani ili ilalie juu ya jicho lile. Jicho lisionekane, alisema, lisije likaonwa tena.

Jicho likapona. Tongotongo likakauka, uvimbe ukashuka, mie nikamshukuru Mungu. Lakini kitambaa hakikutoka. Kila nikikifungua, kinafungwa tena. Kila nikiuliza hadi lini, naambiwa mwanamke gani huyu asiyeogopa. Nilikuwa nakifungua kwa kuiba, wakati namnyonyesha, na nilikuwa naliona lile jicho linavyopepesa kwenye mwanga, linatangatanga, halijui litulie wapi. Roho iliniuma. Nikikamatwa, mume wangu anasimuliwa na mama yake kabla hajavua shati, na kabla hajanawa mikono ameshanifikia.

Mume wangu alikuwa hamali bandarini, mtu wa mabega, na mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko mdomo wake. Nilimpenda, Mungu ni shahidi yangu, na nilimchukia, yote mawili siku hiyo hiyo. Mara moja alinivunja jino kwa sababu ya kitambaa kile. Pengo ninalo hadi leo, ukiniona nacheka utaliona. Nami sikukaa kimya. Nilimuuma mkono hadi nikahisi damu yake mdomoni, tukalala kila mtu na kidonda chake, na mtoto katikati amefungwa jicho.

Jirani, yule aliyetuachanisha, alikuwa shoga yangu. Alikuwa na binti aliyezaliwa mwezi mmoja na mwanangu, na tulikuwa tunawalaza kwenye mkeka mmoja. Hapo ndipo nilipoanza kuona. Wangali wachanga walikuwa sawa: wote wanatupa mikono ovyo, hawashiki hili wala lile. Wakaanza kufuatisha vitu kwa macho, bado wako sawa. Kisha mikono ikaanza kutafuta. Ukimwonyesha binti kijiko, mkono unakwenda moja kwa moja, chap, ameshakishika. Mwanangu mkono wake ulifumba kabla haujafika, akashika hewa. Au aliupeleka mbali mno, akakipiga kijiko kwa kifundo cha mkono, kikaanguka, naye akabaki kukishangaa. Tulicheka. Shoga yangu alisema, "Huyu wako mlevi," na mie nikacheka hadi machozi, maana alikuwa mzuri jamani, mnene, mchangamfu, anacheka na kila kitu anachokikosa.

Kicheko kilinikatika siku ya koroboi. Jioni, nimeiwasha mapema nimeiweka juu ya kigoda, mtoto yuko mapajani. Akanyoosha mkono. Nikajua hatafika, maana kwa macho yangu mie ilikuwa mbali na alikuwa hajazoea kufikia kitu. Kumbe alijirusha mwili mzima, kiganja kikaingia ndani ya moto. Kelele alizopiga sitaki kuzikumbuka. Alikuwa ameuona ule moto, anautazama kabisa, lakini hakujua uko wapi. Mume wangu alinipiga teke la mbavu pale pale, mtoto akiwa mikononi mwangu, na mama yake akasema, "Mpige, asisinzie tena na mtoto kando ya taa." Mie sikuwa nimesinzia.

Nilipokuwa mtu mzima, mji umeshabadilika, daktari mmoja wa macho alinieleza jambo ambalo ningelijua wakati ule ningemfunga mama mkwe yeye jicho. Mtoto, alisema, haji duniani na kipimo cha karibu na mbali. Anakipata. Macho mawili, kila moja likitazama kitu kutoka upande wake, na kichwa kinajifunza kuunganisha hayo mawili kuwa moja. Hapo ndipo mtoto anajua kikombe kiko hapa na ukuta uko kule. Miezi ya mwanzo ndiyo ya kujifunza hivyo. Ukilifunga jicho moja miezi ile, kichwa kinazoea kulisahau, na ukija kulifungua liko wazi, zima, halina kidonda, lakini halina kazi. Na mtoto wa jicho moja hujifunza vilevile, alisema, ila kwa kuchelewa na kwa njia nyingine, kwa kutikisa kichwa, kwa mikono, kwa kuumia. Nilimsikiliza, nikatoka nje ya chumba chake, nikatukana matusi ambayo sikuyatukana tangu ujana wangu.

Mwanangu alipoanza kutambaa, kitambaa alikivua mwenyewe. Alikivuta, akakitafuna, akakitupa shimoni, na mama mkwe akachoka kukifunga upya. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kugeukia puani. "Kengeza kidogo," mama mkwe alisema, "ni uzuri huo." Mume wangu ndiye aliyekereka. Hakutaka mtu alitaje jicho lile. Mtu akisema tu, "Mtoto ana nini machoni," alikuwa tayari amekunja ngumi. Kwao hakukuwa na kipofu, alikuwa akisema, wala hatakuwepo.

Ikaja siku ya shimo. Masika yalikuwa yamekwisha, jua kali, shimo limejaa hadi karibu na ukingo. Mie na shoga yangu tunatwanga mpunga, mchi mmoja wangu, mmoja wake, watoto wako kwenye mkeka kivulini mwa nyumba. Bata akapita, akaingia majini. Watoto wote wawili wakamwona, wakaanza kutambaa kumfuata, wanacheka. Niliwaona. Nataka lieleweke hilo: niliwaona waziwazi, shoga yangu naye aliwaona, na hakuna kati yetu aliyeacha mchi. Kwa nini tuache? Walikuwa wanatambaa tangu siku nyingi.

Binti akafika ukingoni. Akasimamisha mikono, akatazama chini, akaketi kitako, akaanza kumlilia bata. Mwanangu alifika pembeni yake akapitiliza. Hakupunguza mwendo, hakusita hata kidogo. Mkono wake wa kulia ulikanyaga hewa kama vile kuna ardhi, akaingia kichwa mbele.

Toba, Yarabi! Sijui nilifikaje. Nakumbuka maji ya matope yamenifika kifuani na miguu yangu inazama, nakumbuka napapasa chini na sioni kitu, halafu nikashika mguu. Nikamtoa nao, kichwa chini, nikampiga mgongoni, nikampiga tena, nampiga mwanangu mwenyewe kwa nguvu zangu zote nikimwambia, "Lia! Lia, mwanaharamu weye, lia!" Akatapika matope. Akalia. Nami nikakaa majini pale pale, mtoto begani, natetemeka meno yanagongana juani.

Nikamwambia mama mkwe alipokuja na ukelele wake: mtoto haoni shimo. Nikamweleza yule binti alivyosimama na wangu alivyopitiliza. Aliniangalia kwa jicho ambalo halikutaka kusikia. Alasiri mume wangu akarudi. Alikuwa na kamba yake ya kufungia mizigo begani, ile nene, imekauka kwa chumvi. Mama yake akamwambia neno moja tu, "Kamwacha aingie shimoni," na lilikuwa la kweli.

Kamba ilinichana mgongo. Nilikimbia nikazunguka kinu, akanifuata, nikaanguka, akanipiga nikiwa chini, kila nikisema, "Haoni! Mwanao haoni!" ndivyo alivyozidi kupiga, na naye akipiga kelele, "Mwanangu si kipofu! Nitakuua ukisema tena!" Basi nikasema tena. Na mkono wangu ukakutana na mchi. Nikaushika, nikasimama, nikampiga nao wa mbavu, nikasikia kitu kimelia ndani yake, akakaa chini kitako akiwa hawezi kuvuta pumzi. Nilitaka kumwongeza wa kichwa. Nasema kweli, nilitaka, na mikono ilikuwa imeshainuka; shoga yangu alinirukia kwa nyuma akanikumbatia na mchi wangu.

Wakati tunapigana mama mkwe alikuwa ameshamchukua mtoto, amejifungia naye chumbani. Niligonga mlango ule hadi vidole vikatoka damu. Kutoka ndani alisema, "Nenda kwenu. Mtoto hutamwona, na tutaitisha watu waseme." Nikaenda kwetu Mbagala kwa miguu, bila kitu, kanga imegandamana na mgongo.

Kwa mama yangu nililala kifudifudi. Mgongo ulipona upesi kuliko maziwa. Matiti yalijaa yakawa mawe, yakanitia homa. Mama alikuwa akiyakamua, mie nalia, yanamwagika chini kwenye mchanga, na mtoto wangu yuko Temeke ananyweshwa uji. Nilikuwa sili. Nilikuwa nafikiria jambo moja tu: wanamwacha atambae. Hawajui. Wanakaa barazani wanapiga soga, shimo liko wazi, na wanamwachia akili ya shimo ambayo hana. Kila nikisikia hatua za mtu nje nilidhani wameniletea habari ya msiba.

Mjomba wangu, kaka wa mama, ndiye mwenye usemi kwetu. Alikuwa mtu mpole hata akawa anaudhi. Nikamwambia, "Mjomba, usipokwenda kunidaia mwanangu, nakwenda na panga." Akaniangalia, akaona sifanyi mchezo. Akapeleka habari, siku ikawekwa.

Tulikutana nyumbani kwa mume wangu, barazani. Nyumba ile ilisimama kwenye mteremko, hivyo baraza upande wa chini lilikuwa refu, linafika kiunoni kwa mtu mzima, na chini yake walikuwa wamepanga mawe kuzuia maji ya mvua. Wazee wakakaa mkekani. Aliyeongoza maneno alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, mzee mwenye bakora, tuliyemwogopa sote. Mama mkwe alikaa mlangoni, mtoto mapajani. Mtoto aliponiona alinyoosha mikono. Nikasimama, wanawake wawili wa upande wao wakaniweka chini.

Mume wangu akaeleza, ameshika ubavu. Mwanamke huyu ni mzembe, kamuunguza mtoto, kamwacha aingie shimoni, kampiga mama yangu, kanipiga mimi na mchi. Mwalimu akasema sheria anaijua kila mtu: mtoto mdogo hukaa na mama yake, ila kama mama ni wa kumwangamiza. Hilo ndilo la kuamua leo. Akanigeukia.

"Ulimwona mtoto anakwenda shimoni?"

"Nilimwona, Mwalimu."

"Ukafanya nini?"

"Nilimwacha."

Wakapiga kelele wote. Mjomba aliinamisha kichwa. Nikapandisha sauti juu ya sauti zao. "Nilimwacha kama kila mama wa Temeke anavyomwacha wake! Ulizeni wake zenu kama wanakaa kulinda mashimo! Mwanangu hana akili ya shimo. Anaona bata, anaona moto, anatuona sote hapa, ila hajui kipi kiko karibu na kipi kiko chini. Mkimbakiza hapa mtamzika. Msinisadiki mie. Mwacheni atambae hapa hapa, na binti wa jirani naye atambae, mjionee!"

Shoga yangu alikuwa amesimama uani, amesikia kila neno. Hakungoja kuulizwa. Akapanda, akamweka binti yake mkekani, akashuka, akasimama chini ya baraza upande ule mrefu, akamwita. Binti akatambaa mbio hadi ukingoni. Akasimama. Akapeleka mkono chini, hakugusa kitu, akaurudisha. Akamtazama mama yake, akatazama mawe, akaketi akaangua kilio, na mama yake alimwita na kumwita, mikono wazi, asisogee. Wazee wakacheka kidogo. Walikuwa wameliona jambo hilo maisha yao yote.

"Sasa mtoto wake," Mwalimu akasema.

Mama mkwe alimkumbatia mtoto. "Hapana," alisema. "Mwalimu, kuna haja gani?" Nadhani pale ndipo nilipojua kwamba naye alikuwa ameona. Siku zile zote alizokaa naye peke yake, alikuwa ameona. Lakini mume wangu akamchukua mtoto mikononi mwake, akamweka kwenye mkeka, akashuka mwenyewe, akasimama chini pale alipokuwa shoga yangu. Akaweka mikono nyuma ya mgongo.

"Nyoosha mikono," nikamwambia. "Mdake."

"Nikinyoosha atakuja kwa kuwa anajua nitamdaka," akajibu, na alikuwa anawaambia wazee, si mie. "Mwanangu ana macho. Akiona hakuna mikono atasimama, kama mtoto wa mtu mwingine yeyote." Kisha akamwita mtoto kwa sauti tamu ambayo sikuisikia tangu alipozaliwa.

Mtoto akacheka. Akaanza kuja.

Nikapiga ukelele, nikainuka. Wale wanawake wawili wakanikaba, mmoja shingo, mmoja mkono, wanasema nataka kumtisha mtoto asionyeshe kwamba anaona. Nilimuuma mmoja kidole hadi mfupa. Yule mwingine nilimpiga kichwa cha pua. Mkono wangu ulibaki kwake na mie nikajivuta, nikasikia bega limetoka mahali pake, na sikujali, maana nilikuwa naona visigino vya mwanangu, vidogo, vyeupe kwa vumbi, vinakwenda. Alikuwa anamtazama baba yake usoni, wala hakutazama chini, hana hili wala lile. Baba yake alikuwa anamtazama yeye, anatabasamu, anamngoja asimame.

Nilijitupa. Nilipita ukingoni karibu sawa na yeye, nikatangulia kufika chini, nikapiga mawe kwa mgongo ule ule, na mtoto akaniangukia kifuani, mdomo wake ukagonga jiwe pembeni ya shingo yangu. Damu ikanijaa sikioni. Sikujua ni yake au ni yangu. Halafu akalia, na kilikuwa kilio kikubwa, kizima, cha mtoto aliye hai.

Mume wangu alikuwa amesimama juu yetu, hata hatua moja hakuongeza. Mwalimu alikuja hadi ukingoni, akatazama chini kwetu, kisha akamtazama yeye.

"Mikono yako ilikuwa wapi?" akamwuliza.

Mume wangu alitazama. Ilikuwa bado nyuma ya mgongo.

Mama mkwe ndiye aliyenyanyuka. Alimpokonya Mwalimu bakora, mzee yule tuliyemwogopa sote, akashuka, akampiga nayo mwanawe usoni. Akampiga shingoni, akampiga mikononi alipoitoa kujikinga. "Sasa umeitoa!" alikuwa akisema. "Sasa umeitoa!" Alimpiga kwa nguvu ambazo sikujua mwanamke wa umri ule anazo, na hakuna mwanamume aliyemshika, na mwanawe, jitu lile la mabega, alikaa chini juu ya mawe akafunika kichwa. Bakora ikavunjika. Akampiga na kipande kilichobaki.

Kisha akakitupa, akaja kwetu. Alimchukua mtoto kifuani kwangu, akamfuta mdomo kwa ncha ya kanga, akamtazama lile jicho lililogeukia puani kwa muda mrefu. Mie nilijaribu kusimama kumpigania, lakini mkono haukuinuka, na nilikuwa nalia kwa hasira kwamba nitashindwa pale, mwishoni kabisa. Hakuniambia pole. Alinishika kwapani, akanisimamisha, akanigeuza, akamweka mtoto mgongoni kwangu juu ya makovu ya kamba, akavua kanga yake ya juu, akatufunga. Fundo alilikaza kifuani kwangu kwa mikono yote miwili, uso wake karibu na wangu.

"Mchukue," alisema. "Hapa hapana wa kumdaka."